Hesabu ya Watoto wa Mombasa

Bandari ya kale ya Mombasa hutazamana na nchi ya Kisauni, na ng'ambo hiyo ndiko kilikoanzishwa kijiji cha Freretown mwaka wa 1875. Miaka miwili kabla yake, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Manowari za Kiingereza ziliyakamata majahazi yaliyoendelea na biashara hiyo, na baadhi ya watu waliookolewa wakashushwa Freretown chini ya uangalizi wa wamisionari. Wengi wao walikuwa watoto.

Hesabu ya watu hao ilikuwa na sababu yake. Serikali ya Uingereza iliwalipa mabaharia tuzo kwa kuwaokoa watumwa, na tuzo hailipwi pasipo hesabu. Lakini hesabu haikuweza kumrudishia mtoto kile alichokihitaji kuliko vyote, yaani jina la mama yake na njia ya kwenda kijijini kwao. Wengi walipewa majina mapya, wakakua nayo. James Mbotela, katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa kilichotolewa mwaka wa 1934, alisimulia safari ya baba yake tangu kutekwa hadi kufika Freretown. Si kila mtoto aliyeshushwa pale alipata mwana wa kumwandikia habari zake; waliosalia twawajua kwa tarakimu tu.

Nimeanza na Freretown kwa kuwa tabia ya hesabu ile haikuondoka upesi. Ofisi huhesabu kwanza kile inachokihitaji yenyewe. Utawala wa Kiingereza ulipokwisha kukaa imara, kuandikisha watoto wanaozaliwa kulifanywa lazima kwa Wazungu mwaka wa 1904, na kwa Waasia mwaka wa 1906. Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakulazimishwa. Uandikishaji wao ulienezwa wilaya baada ya wilaya tangu mwaka wa 1963, ukaifikia nchi nzima mwaka wa 1971. Sensa nazo zilikwenda njia hiyo hiyo. Zile za 1911, 1921, 1926 na 1931 ziliwahesabu wale walioitwa wasio wenyeji, na ya kwanza kuwahesabu watu wote wa Kenya ilikuwa ya 1948. Msomaji na afikiri jinsi kanuni hiyo ilivyokuwa katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako Mwarabu alitiwa upande mmoja na Mswahili upande wa pili, hali watoto wao walicheza kwenye baraza moja na pengine bibi yao alikuwa mmoja.

Chama cha Ustawi wa Watoto cha Kenya kiliundwa mwaka wa 1955. Kisha ikaja Sheria ya Watoto na Vijana, iliyotungwa mwaka wa 1963, ambayo ilimwita mtoto yule aliye chini ya miaka 14, na aliyezidi umri huo ikampa jina jingine. Sheria ya Watoto ya 2001 ikasema kwamba kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na Sheria ya 2022 ikashika neno hilo. Basi kijana wa miaka 17 aliyelala kando ya soko la Mombasa hakuwa mtoto kwa sheria ya kwanza, naye akawa mtoto kwa sheria ya pili, ingawa dhiki yake ilikuwa ile ile. Mtu alinganishaye takwimu za zamani na za sasa pasipo kujua jambo hili atadhani mambo yameharibika ghafula.

Neno yatima lina matata zaidi. Kwa desturi ya Waislamu wa pwani, yatima ni mtoto asiyebaleghe aliyefiwa na baba. Mashirika ya Umoja wa Mataifa humhesabu yatima mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja, awe mama au baba, au wote wawili. Nao walihesabu kwanza hadi miaka 14, baadaye hadi miaka 17. Zaidi ya hayo, wako watoto wasiofiwa na mtu ambao wamelelewa na bibi au mama mkubwa tangu utoto. Hao si yatima kwa kipimo chochote, na huenda wakalala na njaa. Sensa za Kenya zimepata kuuliza kama mama na baba wa mtu wangali hai, lakini swali hilo liliwekwa hasa ili wataalamu wakadirie vifo vya watu wazima. Mtoto aliulizwa habari za wafu, na yeye mwenyewe hakuwa shabaha ya swali.

Mwaka wa 2004 Serikali ya Kenya ilianza kuzipa fedha kaya zilizotunza yatima na watoto wenye shida. Jaribio la kwanza lilikuwa na kaya 500 katika Nairobi, Garissa na Kwale, wilaya iliyo ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Kwa mara hii hesabu ilifanywa kwa ajili ya mtoto mwenyewe, na hilo ni badiliko kubwa. Malipo yaliongezwa hata yakawa shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo hutolewa kwa kaya, iwe na yatima mmoja au sita.

Sensa ya 2019 ilipata watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Ofisi nyingi za serikali zimekusanyika Kizingo, katika jengo la Uhuru na Kazi, karibu na Ikulu, na mambo ya ofisini huenda kwa vyeti. Ugumu ulikuwa kwa wale ambao wazazi wao hawakuwa na kitambulisho cha kumwonyesha karani. Wamakonde wa Kwale waliishi Kenya kwa vizazi vingi bila uraia, hata mwezi wa Oktoba 2016 walipokwenda Nairobi kwa miguu kumwona Rais, ndipo wakatambuliwa. Wapemba wa pwani walikabidhiwa hati zao Kilifi mwaka wa 2023, na tangu hapo wakaweza kuwaandikisha watoto wao kama raia.