Baraza la Redio, Kutoka Mazinde hadi Handeni

Mara kwa mara nasikia ikidaiwa kwamba redio ndiyo iliyoua masimulizi ya jioni katika vijiji vya Handeni na Korogwe. Dai hilo limezoeleka mno. Mimi silikubali, na kilichonifanya nilikatae ni kitabu kimoja.

Habari za Wakilindi kiliandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyewahi kumtumikia Semboja, mtawala wa Kikilindi, pale Mazinde, leo wilaya ya Korogwe, na baadaye akawa liwali wa Tanga. Wamisionari wa Magila walianza kukipiga chapa kwa sehemu mwaka 1895, na mwaka 1962 J. W. T. Allen akakitoa upya. Wanahistoria hukipekua wakitafuta nasaba za watawala wa Vugha, makao makuu ya Usambara, kisha hulalamika kwamba kimechanganya ngano na historia. Kisome kwa sauti, malalamiko hayo yatakuishia. Mbegha, kigego aliyenyimwa urithi na jamaa zake wa Ngulu, anakimbilia Kilindi, iliyokuwa sehemu ya Handeni hadi miaka ya karibuni. Huko nako yanamkuta ya kumkuta, anatoroka tena, anawinda nguruwe, anagawa nyama, mwishowe anapewa nchi ya Usambara. Na safari hiyo imejaa mazungumzo: huyu auliza, yule ajibu, wazee wapeana shauri. Aliyeandika hivyo alizoea kukaa barazani akisikiliza.

Sasa tuje kwenye redio. Historia ya mitambo yake ni fupi: kituo kidogo cha Dar es Salaam mwaka 1951, shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, Radio Tanzania mwaka 1965. Kinachonivuta mimi ni vipindi vyenyewe. Taarifa ya habari ilifuatwa na Mazungumzo Baada ya Habari. Malenga Wetu kikaleta mashairi yaliyoghaniwa kwa mahadhi. Taarabu nayo ikawa na nafasi yake. Barazani nako ni vivyo hivyo: mgeni hutoa kwanza habari za atokako, zikajadiliwa, ndipo zikaja tungo na nyimbo.

Wanaosema utamaduni huu wa kusikilizana na kujibizana tulipewa na Waingereza hawanipi shida. Washairi walikuwa wakijibizana katika gazeti la Mambo Leo tangu miaka ya 1920, na kabla ya gazeti walijibizana ana kwa ana. Lalamiko la wazee ndilo lenye uzito: redio husema, haisikii. Msimuliaji ungemkatiza, ungemtaka arudie, ungemwambia babu yako alisimulia vingine. Hilo nalikubali. Hata hivyo wasikilizaji walipata njia yao. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza. Kipindi kikiisha, kijitabu kilifunguliwa na watu wakaanza kubishana choo kichimbwe wapi na maji ya kunywa yatunzwe vipi. Kama hilo si baraza, sijui baraza ni lipi.

Korogwe ilikuwa na sababu ya ziada ya kuikumbatia redio. Manamba wa mashamba ya mkonge walitoka Kigoma, Burundi na Msumbiji. Ngano za Kisambaa na Kizigua hazikuwa zao. Kiswahili cha redio kiliwakalisha mkeka mmoja na wenyeji.

Na muziki? Watu wa pwani walishazoea kukesha na Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, ambaye Redio Cairo ilimrusha Alhamisi ya kwanza ya mwezi, wimbo mmoja ukienda saa nzima au zaidi. Kisha Tanga ikatoa taarabu yake yenye magitaa, Black Star na Lucky Star, na sauti ya Shakila. Vikundi hivyo vilishindana kwa mafumbo, na msikilizaji wa Manundu au Chanika alipaswa kukisia mwenyewe ni nani aliyepigwa kijembe. Fumbo moja lilitosha kuwagawa majirani. Asubuhi betri zilianikwa juani zipate nguvu ya jioni nyingine, na waliozianika walikuwa bado wanabishana.