Pikapu iliyotumika: jinsi ya kujua kama inastahili bei yake

Kwa wafanyabiashara wengi wadogo wa mpakani, pikapu iliyotumika ndiyo mali kubwa ya kwanza wanayonunua. Hubeba vitunguu na nyanya kwenda Namanga, maharage kwenda Mutukula na vifaa vya ujenzi kwenda Tunduma. Mtaji unaoingia hapo mara nyingi ni akiba ya miaka kadhaa au mkopo wa kikundi. Ununuzi ukiharibika, kinachosimama ni biashara nzima.

Swali ambalo wanunuzi wengi huuliza ni "bei ya mwisho ni ngapi?" Swali hilo halitoshi. Bei ya kweli ni jumla ya fedha zote zitakazotoka hadi pikapu ivuke mpaka na mzigo wake wa kwanza, ikiwa nzima na ikiwa na karatasi halali. Makala hii inaeleza jinsi ya kuipata jumla hiyo kabla ya kulipa.

KARATASI KWANZA, INJINI BAADAYE

Injini mbovu hutengenezwa, lakini gari lisilo na uhalali halina fundi. Kwa hiyo ukaguzi uanzie kwenye karatasi.

Namba ya chesisi iliyo kwenye kadi ya gari au logibuku lazima ilingane, herufi kwa herufi, na ile iliyogongwa kwenye chesisi yenyewe. Kwenye pikapu nyingi namba hiyo hugongwa kwenye reli ya chesisi upande wa mbele, karibu na gurudumu. Sehemu hiyo isafishwe kwa brashi ya waya. Ikionekana alama ya kusagwa, kuchomelewa au rangi mpya iliyopakwa hapo tu, mnunuzi aachane na gari hilo. Namba ya injini nayo ilinganishwe na kadi. Injini iliyobadilishwa si kosa, ila mabadiliko hayo yawe yameandikishwa.

Nchini Kenya, mnunuzi anaweza kuomba taarifa za gari kutoka NTSA kwa njia ya mtandao. Taarifa hizo huonyesha mmiliki ni nani na kama kuna benki au mkopeshaji mwenye haki juu ya gari. Nchini Tanzania, usajili na uhamisho wa umiliki viko chini ya TRA, na faini za barabarani ambazo hazijalipwa hutazamwa kwa namba ya gari katika mfumo wa Jeshi la Polisi. Muuzaji anayesema kadi halisi "iko kwa ndugu" au "iko benki" aambiwe ailete kwanza, ndipo mazungumzo ya bei yaendelee.

Hatari kubwa zaidi kwa watu wa mpakani ni magari ya IT, yaani yale yanayopita nchini kwenda nchi nyingine. Gari lililoshushwa bandari ya Dar es Salaam kwa ajili ya Zambia, Malawi au Kongo halijalipiwa ushuru wa Tanzania. Likiuzwa njiani, bei yake huwa ya kuvutia kwa sababu hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa gari lenye namba za nchi jirani lililoingia kwa kibali cha muda. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, gari lisilolipiwa ushuru linaweza kukamatwa na kutaifishwa likiwa mikononi mwa mtu yeyote. Aliyelinunua hupoteza gari na fedha pamoja.

GARI LILITUMIKA WAPI

Kwa kuwa Toyota Hilux ndiyo inayotafutwa zaidi katika ukanda huu, inafaa kuitolea mfano. Kizazi cha Hilux kinachoitwa Vigo kilitengenezwa kuanzia mwaka 2004 hadi 2015. Katika miaka hiyo Toyota haikuuza Hilux katika soko la ndani la Japani. Iliacha mwaka 2004 na kurudi mwaka 2017. Kwa hiyo muuzaji anayedai kuwa Vigo ya mwaka 2009 "imetumika Japani tu" anapaswa kuulizwa zaidi.

Namba ya chesisi husaidia. Hilux iliyotengenezwa Thailand huanza na MR0, na ya Afrika Kusini huanza na AHT. Hilux za zamani zilizouzwa kwa Wajapani wenyewe zilikuwa na namba fupi inayoanza na kodi ya modeli, kwa mfano LN au KZN, kisha kistari na tarakimu.

Nchi ilikotumika gari hubadilisha mahali pa kutazama. Pikapu iliyotoka Uingereza ikaguliwe kutu chini kwa makini, kwa sababu barabara za huko humwagwa chumvi wakati wa baridi. Aidha, mita zake huhesabu maili. Mita inayosoma 90,000 kwa maili ni kama kilomita 145,000. Pikapu iliyofanya kazi hapa hapa nyumbani ikaguliwe springi, bushi na chesisi, kwa kuwa adui yake ni mzigo na barabara ya vumbi.

UMRI, USUKANI NA SOKO LA KUUZIA TENA

Pikapu ya biashara hununuliwa ikiuzwa tena baadaye. Kenya hairuhusu kuingiza na kusajili gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na gari la usukani wa kushoto hukataliwa isipokuwa kwa matumizi maalumu. Uganda tangu mwaka 2018 imezuia kuingizwa kwa magari yenye miaka 15 na zaidi. Tanzania haikuweka ukomo kama huo, bali hutoza ushuru wa ziada kwa gari chakavu.

Maana yake ni kwamba pikapu ya miaka 12 iliyonunuliwa Arusha haiwezi kuuzwa Kenya ikasajiliwa huko, hata kama ni nzima kama mpya. Soko lake limepungua, na bei yake izingatie hilo. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo anayetaka kuuza huko aulize kwanza mamlaka ya nchi husika kuhusu usukani.

CHESISI NA SPRINGI

Pikapu ya kawaida ya kabini moja imetengenezwa kubeba takriban tani moja. Wengi huongeza majani ya springi na kubeba zaidi. Springi huvumilia, lakini chesisi na difu hazikuongezwa nguvu.

Mkaguzi alale chini ya gari akiwa na tochi. Atazame chesisi nyuma ya kabini na mahali springi zinaposhikwa. Nyufa, bamba lililochomelewa juu ya chesisi au rangi nzito ya lami iliyopakwa juzi ni dalili za gari lililozidiwa. Kisha asimame mbali, ubavuni mwa gari, likiwa mahali tambarare. Nafasi kati ya kabini na bodi ya nyuma iwe sawa juu na chini. Ikiwa juu ni nyembamba na chini ni pana, au kinyume chake, huenda chesisi imepinda.

Jambo hili lina uzito pia kwenye mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 inahusu magari ya kuanzia tani 3.5. Pikapu iliyoongezewa springi na kujazwa kupita kiasi inaweza kujikuta inapimwa pamoja na malori.

INJINI IWASHWE IKIWA BARIDI

Mnunuzi afike mapema na kugusa boneti. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha, na tatizo la kuwaka asubuhi limefichwa. Asubiri ipoe.

Baada ya kuwaka, moshi husema mengi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na mara nyingi ni ringi au mipira ya valvu. Moshi mweusi mzito ni dizeli inayozidi hewa: chujio limeziba, nozeli zimechoka au tabo haifanyi kazi. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda kupitia gasketi ya hedi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au mapovu yasiyoisha kwenye rejeta, huthibitisha hofu hiyo.

Injini ikinguruma taratibu, kifuniko cha kujazia oili kifunguliwe. Mvuke kidogo ni kawaida. Moshi unaosukuma kwa nguvu na kwa mapigo unaonyesha kwamba mgandamizo unapita kwenye pistoni, na kushusha injini hakuko mbali.

Injini za D-4D za Vigo, lita 2.5 na lita 3.0, hutumia mkanda wa taiming. Ratiba ya kawaida ni kuubadilisha kila kilomita 150,000, na taa yenye maandishi T-BELT huwaka kwenye dashibodi kukumbusha. Taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa. Pasipo risiti ya gereji, mnunuzi ahesabu kuwa mkanda haujabadilishwa. Nozeli za injini hizi pia ni ghali kuliko zile za injini za zamani za 2L, 3L na 5L, ambazo fundi wa mji wowote wa mpakani anazijua.

KILOMITA ZISIZODANGANYA

Mita hurudishwa nyuma kwa dakika chache. Mpira wa pedali ya klachi uliokwisha, usukani uliong'aa na kiti cha dereva kilichobonyea havilingani na kilomita 80,000. Tairi nazo zina tarehe: tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Alama 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zenye kashata nzuri lakini zilizozeeka zihesabiwe kama tairi za kubadilisha.

Gari lijaribiwe barabarani, ikiwezekana likiwa na mzigo na kwenye mlima. Gia isiruke, difu isilie, usukani usivute upande mmoja. Four-wheel iingie na kutoka, kwa kuwa wanaoihitaji wakati wa masika huijua bei ya kukosekana kwake.

HESABU YA MFANO

Tuseme kuna pikapu mbili za aina na umri unaofanana. Takwimu hizi, kwa shilingi za Tanzania, ni za kuonyesha njia tu. Kila mnunuzi aweke bei za gereji ya mjini kwake.

Pikapu ya kwanza
Bei: 21,000,000
Tairi 4: 1,400,000
Mkanda wa taiming na vifaa vyake: 600,000
Nozeli na pampu: 2,200,000
Springi na shokapu: 900,000
Uhamisho wa umiliki na bima: 800,000
Siku 12 gereji bila kazi, kwa 70,000: 840,000
Jumla: 27,740,000

Pikapu ya pili
Bei: 25,500,000
Oili na vichujio: 250,000
Uhamisho wa umiliki na bima: 800,000
Jumla: 26,550,000

Pikapu iliyoonekana rahisi kwa 4,500,000 imekuwa ghali kwa 1,190,000. Siku za gereji mara nyingi husahauliwa, ilhali mteja wa mzigo hasubiri.

Hatua ya pili ni kulinganisha jumla na kipato. Pikapu ya pili ikibakiza 70,000 kwa siku baada ya mafuta, dereva na akiba ya matengenezo, na ikifanya kazi siku 22 kwa mwezi, hubakiza 1,540,000. Itarudisha fedha yake baada ya miezi 17 hivi. Kama mkopo ni wa miezi 12, rejesho litakuwa kubwa kuliko kinachobaki. Hapo gari linaweza kuwa zuri na bado lisiwe la mnunuzi huyo.

KASORO ZISIZO NA PUNGUZO

Kasoro nyingi ni za kupunguzia bei, na orodha yake iandikwe na fundi asiye rafiki wa dalali. Lakini nne hazina punguzo: namba ya chesisi iliyochezewa, chesisi iliyopinda au kuungwa, ushuru usiolipwa, na muuzaji ambaye jina lake haliko kwenye karatasi wala hana idhini ya maandishi kutoka kwa mmiliki. Hapo bei ikishuka, hasara ndiyo inayopanda.

SIKU YA KULIPA

Malipo yafanyike benki, kwa jina lililo kwenye kadi. Mkataba wa mauzo utaje namba ya chesisi, namba ya injini, bei na tarehe, na ushuhudiwe na wakili. Uhamisho wa umiliki uanze siku hiyo hiyo. Gari linalobaki kwa jina la muuzaji linaweza kukamatwa kwa madeni yake.

Kabla ya safari ya kwanza, anayebeba mizigo ya watu kwa malipo Tanzania apate leseni ya LATRA. Anayevuka mpaka akate pia Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya dhima kwa mtu wa tatu. Tanzania nayo imo katika mpango huo, ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Gharama hizo ziingizwe kwenye jumla tangu siku ya kwanza ya mazungumzo, kwa sababu pikapu isiyoweza kupita kizuizini haijamaliza kununuliwa.