Karamu na Reli: Ukoo wa Wachimba Shaba wa Katanga

Tunapokutana kwenye ubatizo au arusi, jambo la kwanza wanalofanya wakubwa, kabla hata ya kugawa chakula, ni kuulizana habari: nani amezaa, nani amefariki, mtoto wa fulani anasoma wapi. Tunadhani desturi hiyo haijabadilika tangu mababu. Kwa familia za migodi ya Katanga, hata hivyo, ina historia ya pekee, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita juu ya reli.

Reli iliyotoka Rodezia ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1918 ilifika Bukama, na mwaka 1928 Port-Francqui, yaani Ilebo, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Mwanzoni wafanyakazi wa Union Minière walikuja kwa mikataba mifupi, bila wake, kisha wakarudi kwao, wale waliokuwa bado hai, maana vifo kambini vilikuwa vingi. Karibu na mwaka 1928 kampuni iligeuza mwendo wake. Mkataba ukawa wa miaka mitatu, mfanyakazi akahimizwa kuja na mke, na watoto wakazaliwa na kukulia kambini. Walioandikwa walitoka Lomami, Kasai, hata Ruanda-Urundi.

Hapo ndipo swali la ukoo lilipozaliwa. Daftari la kampuni lilimjua baba, mama na watoto. Hao ndio waliopimiwa posho. Shangazi, mjomba na bibi hawakuwamo. Mgeni alihitaji ruhusa ili alale kambini, na chakula chake kilitoka katika posho ya mwenyeji wake. Sisemi kwamba waliopanga mambo hayo waliuchukia ukoo. Walihesabu gharama tu. Lakini hesabu ikirudiwa kila juma inageuka somo, na mtoto wa kambini alijifunza mapema kwamba ndugu ni mtu anayepunguza unga. Wamisionari Wabenedikto, waliokabidhiwa shule za kambi, nao waliitukuza nyumba ya mume mmoja, mke mmoja na watoto wao, ingawa kwa sababu nyingine kabisa. Baadaye wafanyakazi wenyewe walizoea kusema kwamba kampuni ndiyo baba, ndiyo mama.

Karamu ilikuwa na hesabu yake. Arusi haikuwezekana pasipo watu wa kupokea mahari, na watu hao hawakuwa wale wa daftari. Kwa Wabemba hutazamwa mjomba wa binti. Kwa Waluba wa Kasai, upande wa baba. Kijana wa Kasai aliyechumbia binti wa Kibemba alikuta sheria mbili mlangoni, na wazee walikesha wakizipatanisha. Mjomba akiwa mbali, alipelekewa barua na nauli. Ikishindikana, mtu wa kwao aliyeishi kambini alikikalia kiti chake. Vyama vya kusaidiana vya watu wa asili moja vilichanga fedha za kuzika na za kuondoa matanga. Hivyo watoto wengi wakamwita mjomba mtu asiyekuwa na damu ya mama yao, wakamtii, na watoto wake wakawa ndugu zao ambao haiwezekani kuoana nao. Kampuni haikuwahi kuandika undugu huo popote. Walioushuhudia walikuwa wale waliokula karamu pamoja.

Ndugu wa damu nao walifika, kwa gari la moshi. Wakati wa likizo baba aliwapandisha watoto, akawapeleka Kasai waonekane, wajue kaburi la babu yao na wapewe majina ya mashangazi zao. Mwaka 1956, reli ya kutoka Kamina hadi Kabalo ilipokamilika, watu wa pande za Tanganyika nao waliunganishwa na njia hiyo.

Mwaka 1953 Padre Mfransisko Placide Tempels alianza utume wake Ruwe, karibu na Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa mgodi. Kundi lililochipuka huko liliitwa Jamaa. Jina hilo lastahili kufikiriwa. Watu waliokuwa na namba ya kazi, nyumba ya kampuni na posho iliyopimwa, walipokuja kujieleza mbele ya Mungu, waliwaza kwanza habari ya undugu. Mume na mke waliingia pamoja, wakaitwa baba na mama na watu wasiozaliwa nao.

Kisha reli ileile ikafanya kazi nyingine. Mwezi wa Agosti 1992, Étienne Tshisekedi alipochaguliwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Taifa, ghasia dhidi ya watu wa asili ya Kasai zilianza Katanga. Likasi iliwaka, na Kolwezi ikafuata mwaka 1993. Mamia ya maelfu walifukuzwa. Walilala vituoni na shuleni wakingoja treni, na wengi wao walikuwa wamezaliwa katika kambi zilezile. Kasai waliijua kwa likizo tu. Wako waliokufa njiani. Katika nyumba za ndoa mchanganyiko, upande mmoja ulipanda behewa na mwingine ukabaki. Wazee waliozoea kupatanisha sheria mbili za mahari hawakupata wa kuongea naye ng'ambo ya meza. Tena ikumbukwe kwamba waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamekula karamu moja, pengine kwa miaka 30. Hilo latupasa kulitaja bila kulipamba.

Baadhi walirudi polepole, mmoja mmoja. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, ilikuwa imeanguka. Mwaka 2003 wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Treni zikawa chache na za polepole mno. Siku hizi, barua ya mahari ikisomwa Lubumbashi, mara nyingi simu huwekwa katikati ya meza, sauti ikiwa imefunguliwa, na baba mkubwa aliyeko Mwene-Ditu husikiliza. Yeye huuliza kwanza habari za kila mtu kwa jina, na watu wakimya. Fedha za simu yake zikiisha kabla hajawamaliza, anatumiwa nyingine, na mahari inangoja.