Msafiri wa Tangier na watu ishirini wa Kilwa

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier nchini Moroko, aliteremka katika kisiwa cha Kilwa, kusini mwa pwani ya Tanzania ya leo. Miji ya kale haikuwa mipya machoni pake, kwani alikwisha kupita Tunis na Aleksandria, kando ya Bahari ya Mediterania. Hata hivyo Kilwa ilimvutia mara moja, akaihesabu miongoni mwa miji mizuri kupita yote na iliyojengwa vema.

Magofu yaliyobaki kisiwani yanaonyesha kwamba sifa hiyo ilikuwa na msingi. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa katika karne ya 11, na jumba la Husuni Kubwa bado linatazama bahari kutoka juu ya mwamba. Mji ulitajirika hasa kwa dhahabu iliyochimbwa bara, upande wa Zimbabwe, ikapitia bandari ya Sofala.

Zaidi ya majengo, mgeni huyo alisifu ukarimu wa Sultani Hasan bin Sulaiman. Anasimulia kwamba maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa, naye akamvulia papo hapo. Baadaye mwana wa sultani alizichukua tena nguo zile, akamlipa maskini yule watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyolisifu tendo lake, akaamuru apewe watumwa wengine kumi pamoja na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Vijana wapenzi, tusome tena habari hiyo polepole. Msafiri aliuona ukarimu wa mtoaji na furaha ya mpokeaji. Lakini katikati yao walisimama watu ishirini waliotolewa kama vitu, wakahesabiwa pamoja na pembe. Yeye mwenyewe anataja kwamba sultani alikuwa akishambulia nchi za jirani na kuchukua nyara. Hata hivyo hakuuliza watu wale walitoka wapi, wala mama zao walibaki wapi. Alipomsimulia mwandishi wake safari hizo huko Fez, kazi iliyokamilika mwaka 1355, hesabu yao ilikuwa bado akilini mwake. Jina hakutaja hata moja.

Jicho la kwanza la mgeni halidanganyi, ila huishia pale mwenyeji anapolielekeza. Hivyo ndivyo historia nyingi zilivyoandikwa, na sisi pia tunaandikwa hivyo. Apitaye Masisi husifu vilima vya kijani na ng'ombe. Afikaye Walikale huzungumzia msitu na madini ya Bisie. Waliokimbia vita huandikwa kwa maelfu. Hesabu hiyo inahitajika ili chakula kigawanywe, lakini haitoshi kuwa kumbukumbu ya watu.

Kwa hiyo kazi moja iko mikononi mwetu. Wazee wa vijiji vyetu wangali hai, na waliofika kwetu wakiwa wamebeba watoto na magodoro bado wanasimulia. Tukae nao, tuwasikilize, na wakiridhia tuandike habari zao katika daftari: walitoka kijiji gani, walilima nini, waliitwa nani.

Kwa mazungumzo ya kikundi: katika habari tunazosimuliana kuhusu kwetu, ni nani anayehesabiwa bila kutajwa jina?