Mrehani wa Kikuba, Mrehani wa Kinu

Joto la kaskazi likikolea, kati ya Desemba na Machi, mchana wa Mji wa Kale wa Mombasa haukaliki. Watu hungoja alasiri. Jua likishapoa ndipo masinia ya maua yanapoonekana: asumini ambazo bado ni tumba, vilua, vipande vya mkadi, na matawi ya mrehani yaliyonyunyiziwa maji. Mshonaji huchagua kishada cha mrehani, akakizungushia asumini, akafunga kwa uzi. Hicho ndicho kikuba. Mwanamke hukibandika kifuani au kwenye nywele, na kadiri mwili unavyopata joto ndivyo harufu inavyokolea. Asumini zenyewe hufunguka usiku, mwenyewe akiwa tayari yuko harusini.

Jina la mmea lilitoka Uarabuni, raihani, lenye asili moja na neno roho. Kurani inautaja mara mbili, katika sura za Ar-Rahman na Al-Waqia. Anayeweka shamba lake rehani kwa mkopeshaji, hata hivyo, anatumia neno jingine kabisa la Kiarabu; kufanana kwao ni bahati tu.

Jina ni la kuja, lakini jamaa za mmea huu ni wenyeji. Kivumbasi huota vichakani na kando ya njia, na vizazi vingi vimekichoma au kukiweka chumbani kufukuza mbu. Wahindu waliokuja kufanya biashara pwani nao walikuwa na tulasi yao, ambayo kwao ni mmea mtakatifu. Baadhi ya mimea ya ukoo huu ina mafuta yenye yujenoli, kemikali ile ile inayoipa karafuu ukali wake. Pua ya Mzanzibari inayohisi karafuu ndani ya jani haikosei.

Kwenye chungu, mrehani haukupata nafasi. Pilau ina iliki na mdalasini, mchuzi una kotmiri. Mrehani ulibaki mambo ya mwili na nguo. Mgeni anaweza kudhani watu walipitwa na kiungo kizuri. Lakini penye joto mwaka mzima, jani hili halina msimu wa kukimbiliwa.

Genoa, kaskazini mwa Italia, mambo hayakuwa hivyo. Mrehani hauvumilii baridi: chini ya nyuzi 10 hivi majani huanza kuwa meusi. Kwa hiyo kule ulikuwa mgeni wa kiangazi, aliyepaswa kuliwa angali yupo. Mwaka 1863 Giovanni Battista Ratto alichapisha kitabu cha mapishi ya Genoa chenye maelekezo ya pesto: kitunguu saumu, mrehani, kokwa za msonobari, jibini ya Parma pamoja na jibini ya Kiholanzi (Mgenoa wa leo angenuna), siagi kidogo, vyote vitwangwe kinuni kisha viyeyushwe kwa mafuta. Anaongeza kwamba mrehani ukikosekana, twanga marjoramu na pasli. Hapo ndipo msimu wa baridi unapojionyesha ndani ya mapishi. Baadaye wakulima wa Pra', ukingoni mwa mji huo, waliuhifadhi mmea kwenye vibanda vya vioo, wakiuvuna ungali mchanga sana. Tangu 2005 jina la mrehani wa Genoa linalindwa na sheria za Ulaya.

Matumizi hayo mawili yamekuja kukaribiana Malindi. Waitaliano walijenga kituo cha roketi cha San Marco huko Ngomeni, karibu na Malindi, na setilaiti ya kwanza ikarushwa kutoka baharini hapo mwaka 1967. Wenzao wengine walifuata kwa ajili ya ufuo, wakafungua hoteli na migahawa, na mrehani ukaingia jikoni. Mpishi anayeutia kwenye friji huukuta umesawijika asubuhi. Dawa yake ni kusimamisha shina ndani ya glasi ya maji, mezani, kwenye joto lile lile. Muuza vikuba naye hutumia jani la mgomba lililolowa, na mzigo wake hufika jioni ukiwa mbichi.