Saa Tatu ya Vita: Tarehe za Unguja Ndani ya Kompyuta

Mwaka huu klabu yetu imeanza kurekodi masimulizi ya wazee wa Kizanzibari wanaoishi Muscat. Tulianza Darsait, kwa bibi wa mmoja wetu, na tukaanza vibaya. Bibi alisema twende Jumamosi saa mbili. Mwenzetu akaingiza miadi kwenye kalenda ya simu, 2:00 mchana. Tulipogonga mlango baada ya adhuhuri, vitumbua vilikuwa vimeshapoa na Bibi ameshachoka kutungoja tangu asubuhi. Tukaamkia, "Shikamoo Bibi," akaitikia marahaba, kisha akatuuliza tumejifunza wapi kusoma saa. Siku ile hatukurekodi kitu.

Kwa kuwa wanne kati yetu tunasoma sayansi ya kompyuta, tuliamua kuandaa jedwali la matukio: kila jambo atakalotaja mzee liwe na tarehe na saa yake, katika saa za kwao na katika saa ya Greenwich. Kwa majaribio tulichukua tukio ambalo kila mtoto wa Unguja amelisikia. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza. Akapewa muda hadi tarehe 27, saa tatu asubuhi, awe ametoka. Hakutoka. Manowari zikaanza kupiga saa tatu na dakika mbili, na vitabu vingi vinahesabu dakika 38 hadi mizinga iliponyamaza. Watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa.

Swali letu lilikuwa jepesi: saa tatu na dakika mbili ya Unguja siku ile ilikuwa saa ngapi Greenwich? Tukapata majibu matatu.

Wa kwanza alitumia Python na kuandika kwamba Zanzibar imetangulia kwa saa 3, kama ilivyo leo. Akapata 6:02. Wa pili alitumia Java, akataja eneo la Africa/Dar_es_Salaam, maana Zanzibar haina jina lake katika orodha ile. Kompyuta yake ikampa 6:34 na sekunde 44. Wa tatu alitumia Python pia, na jina lilelile la Dar es Salaam, ila kompyuta yake ni ya Linux. Akapata 6:24 na sekunde 52. Kati ya jibu la kwanza na la pili kuna karibu dakika 33. Kwa vita vya dakika 38, ni kama kusema kwa mmoja mizinga ndiyo kwanza inaanza na kwa mwingine bendera inakaribia kushuka.

(Wa nne alitumia Date ya JavaScript, ambayo haijui ila Greenwich na saa za kompyuta yenyewe. Kompyuta iko Muscat, kwa hiyo vita vikapiganwa Darsait. Tulimwacha.)

Kosa si la hesabu. Maktaba hizi za programu hazijui historia. Zinaisoma katika jedwali moja la dunia nzima, lililoanzishwa na Arthur David Olson miaka ya 1980 na kutunzwa kwa miaka mingi na Paul Eggert. Java hubeba nakala yake yenyewe. Python, tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020, ina zoneinfo, nayo kwa kawaida husoma nakala iliyomo ndani ya mfumo wa kompyuta. Lugha ileile kwenye kompyuta mbili yaweza kukupa majibu mawili.

Na jedwali lenyewe lina sharti. Linaahidi usahihi kuanzia mwaka 1970 tu. Miji ambayo saa zake hazikutofautiana tangu hapo inaweza kuunganishwa, hivyo Dar es Salaam imekuwa jina jingine la Nairobi, na Muscat jina jingine la Dubai. Nairobi ya kabla ya 1908 imewekewa saa 2, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich, kwa kufuata jua la Nairobi. Jua la Dar es Salaam hutangulia kwa karibu dakika kumi. Takwimu za zamani za miji hiyo hazikutupwa. Ziko katika faili la akiba, na anayetengeneza nakala huchagua kulitia au kuliacha. Linux ya mwenzetu ilikuwa nalo.

Hapo ndipo lilipotuuma. Wazee tunaowarekodi waliishi Unguja kabla ya 1970. Mapinduzi ya Januari 1964 yako nje ya ahadi ile. Mzee aliyezaliwa Unguja mwaka 1952, faili la akiba linampa saa 2 na dakika 45. Jedwali la kawaida linampa saa 3 kamili za Nairobi. Wengi wao walihamia Oman baada ya Julai 1970, Sultani Qaboos aliposhika madaraka, kwa hiyo kompyuta inaanza kuwajua vizuri wakiwa wameshakuwa watu wazima.

Muscat nayo ilikuwa na hesabu yake. Kabla ya 1970 malango ya mji yalifungwa saa tatu baada ya magharibi, na aliyetembea usiku alitakiwa kubeba taa. Saa ile ilianza kuhesabiwa jua lilipozama, kama saa yetu ya Kiswahili, ila jua la Muscat huzama kabla ya saa kumi na moja na nusu mwezi wa Disemba na karibu saa moja kamili mwezi wa Juni. Unguja tofauti ni ndogo, ndiyo maana Bibi anaweza kusema saa kumi na mbili jioni mwaka mzima bila kuchungulia dirishani.

Katika maktaba tulizozijaribu, hatukupata hata moja inayohesabu saa hivyo. Jambo la kushangaza, data za lugha ambazo programu nyingi hutumia zinajua kwamba adhuhuri kwa Kiswahili ni "saa sita za mchana", halafu pembeni yake zinaandika 12:00.

Basi tumebadilisha jedwali letu. Safu ya kwanza sasa ni maneno ya mzee kama alivyoyatamka: "Jumamosi, Mfungo Mosi, baada ya alasiri". Safu ya pili ni tafsiri yetu, na ya tatu inataja nakala ya jedwali tuliyoitumia. Bibi amekubali kutupokea tena Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi. Safari hii tumeandika 8:00.