Handaki ndani ya Handaki: Historia Fupi ya VPN

Wanafunzi wetu wa leo huijua VPN kama programu ya simu tu. Sisi tuliokuwa tukifundisha Uganda mwaka 2018 tunaikumbuka vingine. Kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo, kila aliyetaka kutumia WhatsApp au Facebook alitakiwa kulipa ushuru wa shilingi 200 kwa siku. Kundi tulilosambazia mazoezi ya ngeli likapoa ghafla. Baada ya siku chache wengi wakarudi, bila kulipa. Walipitia VPN.

Chombo hiki hakikubuniwa kukwepa ushuru. Miaka ya 1990 makampuni yalitaka mfanyakazi aliye mbali aingie katika mtandao wa ofisi kwa usalama. Itifaki ya PPTP ilichapishwa mwaka 1999, OpenVPN ikafuata mwaka 2001, na WireGuard ikaingia katika kiini cha Linux mwaka 2020.

Hata hivyo, VPN haiondoi macho ya watu, huyahamisha tu. Asichokiona tena mwenye laini ya simu, hukiona muuza VPN. Ndiyo maana wengine waliamua kujiwekea seva yao nyumbani. Lakini hapo tovuti zote huiona anwani ya nyumba yako. Basi wakaunganisha njia mbili: simu huingia kwanza katika seva ya mwenyewe, nayo seva hutoka nje kupitia VPN ya kununua.

Kazi hiyo ilirahisishwa na makontena, yaliyoenezwa na Docker kuanzia mwaka 2013. (Baadhi yetu tungependa neno kasha, lakini kontena limeshinda.) Kontena ni kama chumba chenye mlango wake. VPN ya kununua huwekwa katika chumba kimoja. VPN ya mwenyewe hunyimwa mlango, ikabaki kupitia wa jirani. Kanuni za ulinzi zikiwekwa sawasawa, handaki la nje likikatika, data hazimwagiki barabarani, husimama. Gharama yake ni kasi kupungua, na muuzaji bado huona unakokwenda.

Januari 2021 ilituonyesha mpaka wa ufundi huu. Facebook ilipofungwa tarehe 12, VPN zilisaidia. Jioni ya tarehe 13, mkesha wa uchaguzi, intaneti yote ilizimwa, na handaki halina pa kupita pasipo na njia. Kazi za wanafunzi zilitufikia baada ya tarehe 18. Ushuru wa shilingi 200 uliondolewa Julai mwaka huohuo, ukawekwa wa asilimia 12 juu ya data, ambao VPN haiukwepi.